Siku Baba Mkwe Alipokuja Bila Kukohoa

Kwa miaka sita nilimjua baba mkwe wangu kwa vitu viwili: mgongo wake na kikohozi chake. Uso wake nilikuwa nimeuona vipande vipande tu, kidevu siku hii, sikio siku nyingine. Mara moja niliikuta picha yake ya kitambulisho cha kupigia kura juu ya kabati la mama mkwe. Niliitazama kidogo tu, kisha nikaifunika kwa kitambaa haraka kama mwizi.

Wageni nikiwasimulia hivi hudhani tulikuwa tumegombana. Hatukuwahi kugombana, maana hata hatukuwahi kuongea. Kwetu Wanyakyusa, mkaza mwana na baba mkwe wake wanaogopana kwa heshima. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mwanamke ndiye anayepisha: anaingia pembeni na kugeuza uso mpaka mzee apite. Wenyewe tunaita kutila. Mjini Tukuyu siku hizi mambo yamelegea, na hata kwetu Masukulu nilikozaliwa nimeona wakaza mwana wakisalimiana na wakwe zao uso kwa uso, wanacheka. Mimi nikaolewa Kinyala, kwa mzee ambaye hakuwa amelegeza hata fundo moja.

Nyumba yetu na yao zilikuwa uwanja mmoja, na jiko letu lilikuwa nyuma, kando ya migomba. Njia ya kwenda zizini kwake ilipita papo hapo, hatua tatu kutoka kwenye mafiga yangu. Kwa hiyo kabla hajakata kona ya jiko, mzee alikohoa. Mara mbili, kikavu, kwa kipimo kilekile asubuhi na jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi yake. Nikisikia tu, naacha chochote nilichoshika, naingia kwenye migomba, nawapa kisogo yeye na ng'ombe wake. Akishapita anakohoa mara moja tena, maana yake rudi jikoni kwako.

Mimi si mtu mpole, na sitajisingizia upole kwa sababu tu naandika. Nilinung'unika sana. Kikohozi kile kiliniunguzia maharage. Kilinikuta nina povu la sabuni kichwani na mvua ya Tukuyu inamwagika, nikasimama chini ya jani la mgomba nikilaani kimoyomoyo ukoo mzima. Na ujumbe wetu ulikuwa kichekesho. Mzee anasimama upande wa pili wa ukuta, mimi namsikia kila neno, lakini anamwambia mama mkwe: "Mwambie ndama hajanywa maji." Mama mkwe ananigeukia: "Umesikia?" Nasema nimesikia. Anamgeukia mumewe: "Amesikia." Basi, tumeongea.

Lakini niseme na upande wa pili. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, masika yalikuwa yamechachamaa na njia ya kushuka kisimani ilikuwa tope la kuteleza. Jumapili moja nilikwenda kanisani, niliporudi nikakuta njia yote imechongwa ngazi, kila ngazi imezuiwa kwa kigogo. Hakuna aliyeniambia ni nani. Siku iliyofuata nikaona mgongo wa koti lake, lile la kahawia lenye kiraka cha bluu katikati ya mabega, umejaa tope. Nilitamani kusema asante, na sikuwa na njia ya kuisema.

Kazi yangu ilikuwa kwenye kituo cha kukusanyia parachichi. Wakulima wanaleta, sisi wanawake tunachambua, yenye doa huku, nzuri kwenye kreti. Wanunuzi walikuwa na masharti yao, na mojawapo ni kwamba kila kituo kiwe na sanduku la huduma ya kwanza na mtu mmoja anayejua kulitumia. Msimamizi akanichagua mimi. Alisema nina sauti ya kutosha kuwatuliza watu. Wenzangu walicheka sana kusikia hivyo, kwa sababu sauti yangu walikuwa hawajawahi kuisikia ikituliza mtu.

Mafunzo yalikuwa siku mbili, katika ukumbi mmoja Makandana. Aliyetufundisha alikuwa muuguzi mstaafu, mama mnene, mtulivu, anayefundisha huku amekaa. Alitufundisha kwanza kutazama mahali kabla ya kukimbilia mtu, tusije tukawa majeruhi wawili. Alitufundisha kubana jeraha la panga kwa kitambaa safi na kiganja, na kutouachia mkono kila dakika ili kuchungulia. Mtu akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka, muda mrefu, si dawa ya meno wala unga. Aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi asinyanyuliwe hobelahobela na kupakiwa kwenye bodaboda. Tulimkandamiza mdoli kifuani mpaka jasho likatutoka.

Kisha akafika kwenye kupaliwa. Akasema, na maneno haya ninayo mpaka leo:

"Anayekohoa mwacheni akohoe. Kikohozi ni hewa, na hewa ipo. Mwambie akohoe zaidi. Wa kumwogopa ni yule asiyeweza kukohoa. Huyo hapigi kelele. Anaondoka taratibu mezani, anatoka nje asiwasumbue watu, mnamkuta nyuma ya nyumba ameshamaliza."

Akatuonyesha. Muulize kwanza. Mwinamishe mbele, mkono mmoja umshike kifuani, na kwa kisigino cha kiganja mpige katikati ya mabega, mara tano, kila pigo likiwa na nia. Ikishindikana, simama nyuma yake, mzungushie mikono, ngumi juu ya kitovu chini ya kifua, vuta ndani na juu, mara tano. Ikishindikana, rudi mgongoni. Tukafanyiana sisi kwa sisi, bila kuvuta kweli, tukikumbatiana na kucheka.

Mimi nikanyoosha kidole, kwa utani tu. "Na kama ni baba mkwe?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kwa sababu nusu yetu tulikuwa na wakwe wa kupisha. Yule mama hakucheka. Alisema, "Mkwe naye anatumia hewa hiihii." Akaendelea na somo la kuumwa na nyoka.

Haikupita miezi miwili. Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya ibada, mvua imekatika lakini migomba bado inadondosha maji. Mume wangu alikuwa amesafiri Mbeya. Nyumba kubwa walikuwa na mgeni, mdogo wake mzee, ambaye mimi namwita baba mdogo. Mtu wa sauti kubwa na sheria nyingi. Nilikuwa nimewapikia ndizi kwa nyama, mama mkwe akaja kuchukua akawapelekea barazani. Nyama ilikuwa ngumu, nakiri. Mzee alikuwa amebakiwa na meno machache, na hakuna aliyethubutu kumkatia nyama vipande vidogo kama mtoto.

Nilikuwa nimeinama nje ya jiko nasugua sufuria kwa majivu. Nikainua macho, nikaona koti la kahawia limeshakata kona. Hakukohoa. Hata mara moja.

Niliruka kama niliyeunguzwa, nikaingia kwenye migomba, nikageuka. Na nilikasirika, jamani. Miaka sita napisha, naunguza maharage, nanyeshewa, halafu leo mzee mwenyewe ananivizia jikoni kwangu? Nilisimama pale na mikono yangu ya majivu, nikimsema moyoni: adabu ni ya mmoja tu? Nikasubiri akohoe ile ya pili, ya kuniruhusu nirudi.

Haikuja. Nilisikia matone yakidondoka kwenye majani, na kuku anaparua. Kisha nikasikia kiganja kikipiga ukuta wa jiko, mara moja, halafu tena, kwa nguvu ndogo zaidi.

Yale maneno ya Makandana yalikuja yote kwa pamoja. Anatoka nje asiwasumbue watu. Asiyeweza kukohoa. Nilikuwa nimemkimbia mtu anayekufa, nimempa kisogo, na nilikuwa nimekaa namkasirikia.

Niligeuka. Alikuwa amenipa mgongo. Mkono mmoja umeshika nguzo ya jiko, mwingine uko kooni, mabega yanapanda na kushuka bila mlio wowote. Na hata katika hali hiyo alikuwa anajivuta kuelekea zizini, mbali na pale nilipoingia, ili nisimwone. Sisi wawili tulikuwa tunakimbiana kwa heshima, na pumzi yake ilikuwa inaisha.

Sijui nilivukaje zile hatua. Nakumbuka nilisimama nyuma yake na kusema, "Baba." Lilikuwa neno la kwanza nililomwambia maishani. "Baba, umepaliwa? Unaweza kukohoa?"

Akatikisa kichwa. Hakugeuka.

Nilimpitishia mkono kifuani nikamwinamisha. Alikuwa mwepesi kiasi cha kunishtua. Miaka yote nilikuwa nikiogopa kitu kikubwa mno, na kumbe ndani ya koti lile mlikuwa na mbavu za mzee mwembamba na moyo unaogonga kiganja changu kwa kasi. Nikampiga mgongoni. Moja. Mbili. Kiraka cha bluu kikapata alama ya majivu ya mkono wangu. Tatu, nne, tano. Hakuna kitu.

Ndipo baba mdogo akatokea kwenye kona, kikombe mkononi, mama mkwe nyuma yake. Akaona mkaza mwana amemshika mzee.

"Mwachie! Usimguse!" akapiga kelele. "Maji! Anywe maji haraka, kishuke!"

"Maji hayana pa kupita!" nilimfokea. Sijawahi kumfokea mtu mzima namna ile, na kiwiko changu kilikirusha kile kikombe kwenye majivu. "Kaa mbali, baba mdogo! Mama, tafuta gari!"

Nikamkumbatia mzee kutoka nyuma. Hakuna neno lingine la kuliita jambo lile. Mimi, ambaye sikuruhusiwa hata kukanyaga kivuli chake, nilimzungushia mikono yote miwili, shavu langu likabanwa kwenye koti lake lenye harufu ya moshi na majani ya ng'ombe. Nikatafuta kitovu, nikapanda juu kidogo, ngumi, mkono wa pili juu yake. Nikavuta ndani na juu. Moja. Miguu yake ilikuwa inaanza kulegea. Nikawaza, akianguka ni kumkandamiza kifua, kama yule mdoli, na kumfungua mdomo nitazame ndani, uso kwa uso. Mbili. Nikasema kwa sauti, sijui nilikuwa namwambia nani, "Hapana, hapana, hapana." Tatu.

Kitu kikaruka, kikadondoka kwenye majivu mbele ya jiko. Kipande cha nyama, si kikubwa kuliko kidole gumba.

Halafu ikaingia hewa. Niliisikia ikiingia. Nilikuwa nimemshika, kwa hiyo niliihisi pia, mbavu zikipanuka ndani ya mikono yangu, zikinisukuma nje. Nimezaa watoto wawili na nimesikia kilio chao cha kwanza, lakini siku hizo nilikuwa na maumivu na sikupata nafasi ya kushangaa. Siku ile nilishangaa mpaka mwili ukanisisimka kichwani hadi miguuni. Mtu mzima mwenye miaka yake yote, na ng'ombe wake, na watoto saba na sheria zake, alikuwa amefungwa nje ya uhai kwa kipande cha nyama, na mikono yangu yenye majivu ilikuwa imefungua mlango. Ilikuwa kazi ya dakika moja, labda na nusu. Mpaka leo siielewi, na sitaki kuizoea.

Mzee akavuta pumzi ya pili, ya tatu, kisha akakohoa. Kikohozi kilekile, kikavu, mara mbili.

Na mimi, kwa mazoea, nikamwachia, nikakimbilia kwenye migomba.

Nililia kule. Lakini yule mama wa Makandana alikuwa amesisitiza kwamba ukishamvuta mtu tumboni namna ile, lazima apimwe, hata akisema mzima. Kwa hiyo nikapaza sauti kutoka mafichoni: "Mama! Mwambie aende hospitali wakamwangalie ndani!" Nikamsikia mama mkwe, mwenyewe akilia, akimgeukia mumewe: "Umesikia?" Sauti ya kukwaruza ikajibu, "Nimesikia." Jirani mwenye gari akampeleka hospitali ya Makandana. Walimpima, wakamlaza siku moja, wakamrudisha. Mbavu zilimuuma, lakini hakuna kilichokuwa kimeharibika.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko ile. Mzee hakupita tena jikoni kwangu. Alizunguka kwa mbali, kupitia kwenye shamba la chai la jirani, kwenda zizini kwake. Sikusikia kikohozi wiki nzima. Kimya kile kilinitesa. Usiniulize kwa nini, mimi niliyekuwa nakilaani. Baba mdogo alikuwa ametangaza kwamba jambo limeharibika, kwamba mkwe ameshikwa mwili na ametazamwa, na lazima ukoo ukae. Mume wangu aliporudi kutoka Mbeya aliniambia nisiwe na wasiwasi, lakini yeye mwenyewe hakula vizuri. Nilishaanza kuwaza namna nitakavyorudi Masukulu na watoto wangu wawili, na nitamwelezaje mama yangu.

Walikaa Jumamosi, barazani, watu kama kumi. Mimi nilikaa jikoni na mama mkwe, mlango wazi. Baba mdogo aliongea sana. Alisema maji yangetosha. Alisema mila si nguo ya kuvua mtu anapotaka. Kisha ikawa zamu ya mzee.

Alisema kwa Kinyakyusa, taratibu, kwa sababu koo lilikuwa bado linauma. Nikitafsiri, alisema hivi:

"Miaka yote hii nilikuwa nakohoa ili anisikie apishe. Siku ile nilishindwa kukohoa, akasikia hilo pia. Wewe mdogo wangu ulikuwa umekaa na mimi sahani moja, hukusikia kitu."

Mama mkwe alinishika goti, akaendelea kulishika.

"Na hakuniona uso," mzee akaongeza, na nadhani hapo alikuwa anamtania mdogo wake. "Alikuwa nyuma yangu muda wote. Muulizeni."

Mama mkwe akanigeukia. "Ulimwona uso?"

"Sikumwona, mama."

"Hakumwona!" akapaza sauti, na barazani watu wakacheka, hata baba mdogo nilimsikia.

Nilidhani yameisha. Nikasikia kiti kikivutwa. Mama mkwe alichungulia, akanirudia macho yamemtoka. "Anasema uje uwaonyeshe. Wote. Kila mtu wa nyumba hii ajue."

Nilitoka na kitenge changu kichwani, macho chini. Nilitegemea kumkuta binamu fulani amesimama tayari kufundishiwa. Lakini katikati ya uwanja kilikuwapo kigoda cha mzee, na mzee mwenyewe amekikalia, amenigeuzia mgongo. Koti lilelile la kahawia. Lilikuwa halijafuliwa, juu ya kiraka cha bluu bado palikuwa na alama ya kiganja changu, ya majivu.

"Mwambieni aanze," akawaambia watu waliokuwa mbele yake.

Nikawaambia wote wasogee. Nikawaambia kitu cha kwanza ni kumtazama mtu na kumsikiliza. Kitu cha pili ni kumuuliza. Nilikuwa nimelisema swali hilo mara moja tu katika maisha yangu, na hakuweza kulijibu kwa sauti.

"Baba," nikasema. "Unaweza kukohoa?"

Kisha mzee akakohoa, mara mbili, kikavu, kwa kipimo chake. Miguu yangu ilishaanza kugeuka kuelekea kwenye migomba. Nikaizuia. Nikabaki pale, mkono wangu ukiwa juu ya kiraka cha bluu, naye hakuniambia niondoke.